Trei za minara ya viwandani zisinunuliwe kwa kilo

Kwa Mhariri,

Zabuni za ukarabati wa minara ya viwandani zinazozungushwa katika karakana za Eneo la Viwanda hapa Nairobi zina desturi moja ambayo, kwa maoni yangu kama mhandisi wa mitambo, inapaswa kukomeshwa. Trei zinazokaa ndani ya minara hiyo huagizwa kwa uzito. Mnunuzi huandika kwamba anataka kilo kadhaa za bamba la chuma kisichoshika kutu lenye unene wa milimita 2, litobolewe matundu kulingana na sampuli iliyoletwa, na anayetaja bei ya chini kwa kila kilo ndiye anayepewa kazi. Ndani ya zabuni hiyo hamna hata sentensi moja inayoeleza trei itabeba mzigo gani, itashikiliwa na nini, wala itasukumwa kutoka upande gani. Sampuli yenyewe mara nyingi ni kipande kilichopinda, kilichotolewa mnarani kwa sababu kilishindwa kazi, na karakana inatakiwa kukinakili pamoja na udhaifu wake.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuingia katika kiwanda cha aina hii, mnara ninaouzungumzia ni silinda ndefu ya chuma iliyosimama wima, ambamo vimiminika vilivyochanganyika hutenganishwa kwa sababu kimoja hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko kingine. Ethanoli safi, yaani spiriti yenyewe, huchemka kwenye nyuzijoto 78.4 za Selsiasi na maji kwenye 100, katika shinikizo la hewa la usawa wa bahari. Molasi iliyochachushwa ikiingizwa mnarani na mnara ukapashwa moto kutoka chini, mvuke wenye spiriti nyingi hupanda na maji hushuka. Trei hupangwa moja juu ya nyingine, kwa kawaida zikiachana kwa milimita 450 hadi 600, na kazi yake ni kuulazimisha mvuke unaopanda ukutane na kimiminika kinachoshuka. Kimiminika hutiririka juu ya trei kutoka upande mmoja hadi wa pili, huvuka kizuizi kifupi chenye kimo cha takriban milimita 50, kisha huteremka kupitia mfereji wa pembeni hadi kwenye trei iliyo chini yake. Mvuke nao hupenya katika matundu au vali za bamba na kukivuruga kimiminika hicho hadi kiwe povu. Wazo hili lina umri mkubwa: Aeneas Coffey, aliyekuwa afisa wa ushuru nchini Ireland, alipewa hataza ya mnara wake wenye mabamba yaliyotobolewa mwaka 1830, na kanuni hiyo ndiyo inayoendesha viwanda vya spiriti vya ukanda wetu wa miwa hadi leo.

Sasa nije kwenye mzigo, kwa kuwa hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Tuchukue mnara wenye kipenyo cha mita 2. Eneo la trei yake ni takriban mita 3.14 za mraba. Trei nzima ya bamba la milimita 2 ina uzito wa kilo 50 hivi. Kimiminika kilicho juu yake, tukikikadiria kuwa na kina cha milimita 75 na uzito kama wa maji, kinaongeza kilo zipatazo 235. Wakati wa ukarabati fundi hupanda juu ya trei akiwa na vifaa vyake, tuseme kilo 100 zilizokusanyika mahali pamoja, na katika minara ya molasi kuna pia magamba magumu ya chumvi za kalsiamu yanayojijenga mwezi baada ya mwezi. Hata ukivijumlisha vyote hivyo, ingawa fundi haingii mnara ukiwa kazini, hufiki nusu tani. Anayetazama hesabu hiyo peke yake ataridhika kwamba pete nyembamba iliyochomelewa ukutani inatosha kubeba bamba, na kwamba kilichobaki ni kulilaza juu yake tu.

Ila trei nyingi zinazoharibika haziangukii chini. Hung'olewa kwenda juu. Kama vile kifuniko cha sufuria kinavyorushwa na maji yaliyochemka kwa ghafla, ndivyo trei inavyorushwa na mvuke uliozaliwa kwa wingi mahali pasipotarajiwa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika shinikizo la kawaida la hewa hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na katika mnara wa mafuta ya moto maji kidogo yaliyojificha kwenye bomba lisilokaushwa vizuri yanatosha kuleta msukosuko huo. Katika mnara wa spiriti, sababu ninayoihofia zaidi ni kina cha kimiminika kilicho kitako cha mnara kupanda hadi kufunika mdomo wa bomba linaloleta mvuke. Hapo mvuke hulazimika kulisukuma donge zima la kimiminika hadi kwenye trei za chini. Kwa ajili ya matukio ya namna hii, wabunifu wa minara ya mafuta na kemikali wamezoea kuzipa trei uwezo wa kuhimili msukumo wa kwenda juu wa takriban kilopaskali 7, na kiasi hicho huongezwa hata maradufu katika sehemu ya chini ya mnara inapojulikana kuwa hatari ipo. Kilopaskali 7 juu ya trei yetu ya mita 2 ni nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya tani 2. Linganisha na ile nusu tani ambayo hatukuifikia.

Kina cha kitako kupanda bila kuonekana si jambo la kubuni. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City nchini Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa huku vipimo vikiwapa waendeshaji picha isiyo sahihi, na mlipuko uliofuata uliua watu 15 na kujeruhi wengine wapatao 180. Trei hazikuwa chanzo cha maafa hayo, na sitaki msomaji aelewe hivyo. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba mnara unaweza kujaa huku chumba cha udhibiti kikiamini kuwa mambo ni shwari, na anayebuni trei hana haki ya kudhani kwamba kitako kitakuwa na kina sahihi siku zote.

Kutokana na hayo, pete na klampu zina kazi mbili tofauti kabisa. Pete hushikilia trei isianguke. Klampu, bolti na nati ndizo huizuia isipae. Karakana inayopewa kazi kwa kilo haina sababu ya kuhesabu klampu, maana uzito wake ni mdogo na bei yake haimo popote. Katika kiwanda kimoja nimeona trei mpya zinazong'aa zikifungwa kwa klampu za zamani zilizoliwa na kutu, nyingine zikikosekana, na bolti za chuma cha kawaida zikitumika ndani ya mnara ambao trei zake ni za chuma kisichoshika kutu. Umbali kati ya klampu moja na nyingine haukufuata kipimo chochote. Ulifuata idadi ya klampu zilizopatikana kwenye ndoo. Trei yenye klampu nusu ni trei yenye nguvu nusu dhidi ya msukumo wa kwenda juu, hata bamba lenyewe likiwa nene kiasi gani.

Wapo mafundi hodari wanaoona tatizo hilo na kulitatua kwa kuchomelea trei moja kwa moja kwenye pete. Naelewa nia yao, na mikono yao naiheshimu, lakini njia hiyo haifai. Chuma kisichoshika kutu cha aina inayotumika sana kwenye trei, chenye kipenyo cha mita 2, hutanuka kwa karibu milimita 3 kinapopashwa joto kwa nyuzi 80 zaidi, wakati ukuta wa mnara wa chuma cha kawaida hutanuka kwa kiasi kidogo kuliko hicho, tena ukichelewa kupata joto. Trei iliyofungwa kwa klampu huteleza kidogo juu ya pete na kujipatia nafasi yake. Iliyochomelewa haina pa kwenda, hivyo ama itavimba katikati, ama itapasua kiungo, na ufa ukianzia kwenye pete unaweza kuendelea hadi kwenye ukuta wa mnara wenyewe, ambao ndio unaozuia mvuke wa spiriti usitoke nje. Isitoshe, trei iliyochomelewa haiwezi kufunguliwa kwa usafi, na mnara wa molasi usiosafishwa huziba.

Bei ya kilo ina dosari nyingine ambayo wanunuzi hawaitambui, nayo inawahusu wao wenyewe mfukoni. Trei haiingizwi mnarani ikiwa nzima. Mlango wa kuingilia mnara huwa na kipenyo cha milimita 450 hadi 600, hivyo trei hukatwa vipande virefu vyembamba vinavyoweza kupita hapo na kuunganishwa ndani. Mbunifu mwenye maarifa hukunja ukingo wa kila kipande kuelekea chini, milimita 50 au zaidi, na ukingo huo uliokunjwa hugeuka boriti ndogo inayokizuia kipande kisibonyee. Ukakamavu wa bamba bapa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake: bamba la milimita 3 ni kakamavu mara 3.4 kuliko la milimita 2, kwa uzito uliozidi kwa nusu. Lakini ukingo uliokunjwa wa milimita 50 kwenye bamba lile lile la milimita 2 huleta ukakamavu ambao huwezi kuufikia kwa kuongeza unene bila kuufanya mzigo wa chuma kuwa wa ajabu. Mnunuzi anayelipa kwa kilo anamtuza mwenye bamba zito na kumnyima chochote mwenye mkunjo wa akili. Analipa pesa nyingi zaidi kwa trei iliyo dhaifu zaidi.

Vivyo hivyo kuhusu nafasi isiyoshikiliwa. Kipande kilicholazwa kati ya vishikilio viwili, kikibeba mzigo uliotandazwa sawasawa, hubonyea kulingana na kipeo cha nne cha urefu wake. Ukiongeza urefu huo maradufu, kubonyea huongezeka mara 16. Ndiyo sababu mnara unapozidi kipenyo cha mita 2.5 au 3 hivi, kingo zilizokunjwa peke yake hazitoshi na boriti kuu huhitajika kuvuka mnara, ikikaa juu ya mabano yaliyochomelewa ukutani, upande mmoja ukiwa na tundu refu la bolti ili boriti iweze kutanuka. Boriti hiyo nayo isiwe nene na ndefu kwenda chini kupita kiasi, kwa kuwa inakalia nafasi ambayo mvuke na povu vinaihitaji. Nimewahi kuulizwa kwa nini tusiweke tu reli nzito ya chuma tulale usingizi. Jibu ni kwamba reli hiyo ingeyafunika matundu, ingegawanya mvuke vibaya, na mnara ungefanya kazi chini ya uwezo wake kila siku kwa ajili ya kuogopa siku moja.

Kubonyea kuna maana gani katika kazi ya mnara? Kiwango kinachokubalika na wengi ni kwamba trei iliyobeba mzigo wake wa kazi isibonyee zaidi ya milimita 3 hivi, na kwamba tofauti kati ya sehemu yake ya juu kabisa na ya chini kabisa, baada ya kufungwa, isizidi milimita 3 kwa minara myembamba na takriban 6 kwa mipana. Watu hucheka wakisikia milimita zikitajwa kuhusu chuma cha mita nyingi. Basi na tutazame kile kizuizi cha ukingoni. Katika mnara wenye mtiririko mdogo, kimiminika huvuka kizuizi kikiwa na kina cha milimita 10 tu juu yake. Mwisho mmoja wa kizuizi ukiwa chini kuliko mwingine kwa milimita 6, upande mmoja utakuwa na kina cha milimita 13 na wa pili 7, na kwa kuwa mtiririko juu ya kizuizi huongezeka kwa kipeo cha moja na nusu cha kina, upande wa chini utapitisha kimiminika zaidi ya mara mbili ya upande wa juu. Sehemu kubwa ya mvuke itakutana na kimiminika kidogo, na nyingine itazamishwa. Meneja wa kiwanda ataona spiriti yake ikitoka na maji mengi, ataongeza mvuke wa boila ili kurekebisha, na gharama ya kuni au mafuta itapanda mwezi baada ya mwezi bila yeyote kuitafuta sababu kwenye pete iliyochomelewa mshazari. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya bei kubwa. Mpira mwembamba unaoonyesha maji, ambao kila fundi wa ujenzi anaujua, hutoa usahihi unaotosha mkono ukiwa mtulivu.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo halimo katika michoro inayonunuliwa kutoka nje wala katika sampuli zinazonakiliwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101 za Mombasa. Mnara uliofunguliwa hewani kwa juu, kama ilivyo minara mingi ya spiriti, utakuwa na mvuke mwepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko mnara wa aina hiyo hiyo uliojengwa pwani. Kiasi kile kile cha mvuke kwa kilo kitapita kwenye matundu kwa mwendo wa kasi zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano, kikibeba matone mengi zaidi kwenda trei ya juu na kuongeza msukumo juu ya kila bamba kwa kiasi kama hicho. Trei iliyokuwa sawa Mombasa inaweza kufurika Nairobi. Viwanda vya Muhoroni na Kisumu haviko juu kama sisi, lakini navyo viko zaidi ya mita 1,100, na mwinuko huo unapaswa kuonekana katika hesabu zao.

Sisemi haya ili kazi ipelekwe ng'ambo. Karakana za Barabara ya Lunga Lunga, za Enterprise na za Kariobangi zina mashine za kukunja bamba, mashine za kutoboa na mafundi wa kuchomelea ambao kazi yao naiamini. Wanachokosa ni mchoro unaosema ukweli wote. Tangu kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiache kusafisha mafuta mwaka 2013, nchi hii imebaki na minara michache mikubwa, na waliozoea kuingia ndani yake wametawanyika au wamestaafu. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Moi na vingine vinaendelea kufundisha uhandisi wa kemikali na mchakato, na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inatupa bodi yenye mamlaka juu ya kazi ya kihandisi. Sioni kwa nini mchoro wa trei usiwe na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa, kama unavyokuwa mchoro wa ghorofa.

Ninawaomba wamiliki wa viwanda wabadilishe maandishi ya zabuni zao kabla ya matengenezo yajayo. Zabuni itaje mzigo wa kwenda chini na msukumo wa kwenda juu kwa kilopaskali, itaje joto la kazi na joto la kusafishia kwa mvuke, na itaje ni milimita ngapi za bamba zinazotarajiwa kuliwa na kutu kabla ya trei kubadilishwa, ikikumbukwa kwamba trei huliwa pande zote mbili. Aina ya chuma iandikwe kwa bamba, kwa klampu na kwa bolti, kila kimoja peke yake. Bei itolewe kwa trei iliyofungwa na kupimwa ndani ya mnara, si kwa kilo zilizoshushwa langoni. Na kama kuna trei iliyopinda inayopaswa kuonyeshwa, ionyeshwe kama ushahidi: ilipinda kuelekea juu au chini, klampu zipi ziling'oka, upande gani ulianza. Mhandisi akiangalia kipande hicho kwa saa moja anaweza kujua mengi kuliko atakayoelezwa na daftari la zamu.

Waendeshaji nao wana sehemu yao. Mnara uliosafishwa kwa mvuke usimwagiwe maji baridi ungali umefungwa, kwa kuwa mvuke ukigeuka maji ghafla huacha ombwe linalozivuta trei kwa nguvu ambayo hakuna aliyeihesabu. Maji ya majaribio ya shinikizo yateremshwe polepole, hewa ikiruhusiwa kuingia kwa juu, ili trei zisibaki na mzigo wa maji yasiyo na pa kutokea. Anayeingia ndani akanyage juu ya boriti au ubao uliolazwa juu ya vishikilio, asikanyage katikati ya bamba, na asiingie kabisa mpaka hewa ya ndani ipimwe, maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawalinda wanaofanya kazi katika nafasi zilizofungwa kama hizo, na mvuke wa spiriti hausamehe.

Mwisho, kabla mlango wa mnara haujafungwa, mtu mmoja asiyekuwa wa karakana iliyofanya kazi apite kila trei kutoka chini hadi juu, ahesabu klampu, akaze nati, apime usawa wa kila kizuizi katika sehemu tatu, aandike namba hizo na kutia sahihi. Karatasi hiyo ihifadhiwe kiwandani pamoja na michoro, ili atakayeufungua mnara baada ya miaka mitano ajue alivyouacha aliyemtangulia.

Wako mwaminifu,
Mhandisi wa mitambo,
Eneo la Viwanda, Nairobi